Baba kafanyiwa oparesheni ya tezi dume, mkojo umefunguka, kumbe kwenye nyama wamekuta kansa. Tumwambie?

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni msomaji wako niko Ujiji hapa Kigoma, nina miaka 34. Naomba usiweke jina langu maana huku tunajuana wote.

Baba yangu ana miaka 68, alikua fundi maboti pale Kibirizi na mpaka leo kuna maboti yanaingia ziwani kila jioni yeye ndo kayatengeneza. Muda mrefu alikua anasumbuka na mkojo, usiku anaamka kila saa, akienda chooni anakaa weee kinachotoka ni matone tu, anarudi kulala bado anahisi kibofu kimejaa. Hakumwambia mtu, mama peke yake ndo alikua anajua na yeye akanyamaza. Ikafika siku mkojo ukaziba kabisa, tumbo la chini limekua gumu, jasho linamtoka, anang'ata shuka, tukamkimbiza hospitali wakamuwekea mpira. Akakaa na ule mpira miezi, mfuko wake kaufunga kwenye paja chini ya kanzu, na msikitini akaacha kwenda kabisa, anasema anaogopa usije ukavuja kwenye mkeka wa watu. Mi naona hicho ndo kilimuumiza kuliko maumivu yenyewe.

Vipimo vikafanyika. Ultrasaundi ikasema tezi ni kubwa sana, gramu mia na kitu, PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikawa 7 na pointi, daktari akapima kwa kidole akasema ni laini haina mabonge, akatuambia hii ni tezi iliyokua kwa umri tu, itatolewa na mzee atakua sawa. Wakamfanyia oparesheni ya kupasua chini ya kitovu, ikaenda vizuri, na mpira ulivyotolewa akakojoa mwenyewe Shangazi, katoka chooni anacheka, mzee ambae hatujamuona anacheka mwaka mzima. Ijumaa iliyofuata akataka kwenda kuswali tukamzuia kwanza mshono ukauke.

Sasa ile nyama iliyotolewa walisema lazima iende maabara kubwa Mwanza, ni utaratibu tu, msiwe na wasiwasi. Mimi ndo nililipia kwahiyo majibu yakaja kwenye simu yangu. Nimesoma nikaishiwa nguvu. Wameandika adenokasinoma, Gleason 3+3=6, iko chini ya asilimia 5 ya nyama, na mwisho T1a. Daktari nilipompelekea akasema nisiogope, nimrudishe mzee kliniki baada ya wiki kama nane na PSA mpya, lakini alikua na foleni kubwa sikupata nafasi ya kumuuliza zaidi.

Nikawaambia ndugu zangu, na hapo ndo vita ilipoanza. Kaka mkubwa aliye Dar anasema baba asiambiwe kabisa, ana presha, akisikia neno kansa atakufa kwa mawazo kabla ya ugonjwa. Kaka aliye Mpanda yeye anasema tusipoteze muda akatwe korodani haraka, kuna mzee jirani yake alifanyiwa hivyo akanyanyuka kitandani. Baba mdogo anasema kisu ndo kimeamsha kansa, mbona kabla ya kupasuliwa hakua nayo, na ameshaleta mizizi anataka ianze kuchemshwa. Juzi kati kaka wa Mpanda alivyokuja kumuona akamchukua mzee kimyakimya akampeleka maabara ya mtaani akapime PSA, mshono bado haujapona vizuri, ikatoka 15. Grupu la familia likawaka moto, wengine wanalia, wengine wanasema inasambaa. Wameshaanza kumkataza mawese, nyama na sukari bila kumwambia kwanini.

Na baba kila nikimpelekea uji ananiuliza, "mwanangu, ile nyama yangu majibu yake vipi?" Namwambia bado. Mimi ni binti yake, siwezi kukaa mbele yake nianze kumueleza habari za tezi dume na korodani, kwetu hiyo haipo. Mama nae hajui. Daktari alisema katoa tezi, sasa kansa imebaki wapi? Na hiyo PSA imepandaje? Tufanye nini Shangazi, tumwambie au tumuache ale maisha yake?

Binti wa Ujiji

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana, na hongera kwa kumuuguza mzee. Mimi kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi wodi ya upasuaji ya wanaume, familia kama yenu nimeziona nyingi, yaani mgonjwa mwenyewe kakaa kitandani anakula chungwa, na huko nje kwenye benchi ndugu wanagombana juu ya mwili wake na yeye hajui lolote. Kwahiyo ntakujibu kwa urefu. Nakwambia mapema kabisa kwamba kinachonitisha kwenye barua yako sio kile walichokiona Mwanza. Kinachonitisha ni kwamba mzee mkojo umefunguka, anajiona kapona, na hajui kama anatakiwa kurudi.

Tuanze na karatasi. Hilo neno adenokasinoma lililokumaliza nguvu ni jina tu la kansa inayoanzia kwenye vitezi, na karibu kansa zote za tezi dume zinaitwa hivyo, ziwe kali au za pole pole, kwahiyo neno hilo peke yake halikwambii ukali. Ukali unausoma kwenye Gleason. Huyo alikua daktari wa Marekani, Donald Gleason, alitengeneza namna ya kuzipanga hizi kansa miaka ya 1960 kwa kuangalia chini ya darubini seli zimekaaje, na mpaka leo dunia nzima inatumia, ila imerekebishwa. Siku hizi namba zinaanzia 6 na kuishia 10. Watu wengi wakiona 6 wanafikiri ni sita kwa kumi, wanasema mzee kavuka nusu. Hapana. 6 ndio ya chini kabisa, ndio ile inayotembea taratibu. Halafu wamekwambia iko chini ya asilimia 5 ya nyama yote, na hiyo T1a maana yake ndio hiyohiyo, kansa imekutwa kwa bahati kwenye nyama ya oparesheni, haikushikika kwa kidole, na ni kidogo. Ingekua zaidi ya asilimia 5 wangeandika T1b na maneno yangu hapa yangebadilika.

Na msifikiri ni ninyi tu. Tafiti nyingi zinaonesha kwenye kila wanaume 100 wanaofanyiwa oparesheni ya tezi iliyokua kwa umri, 5 mpaka 15 hivi wanakutwa na kansa ambayo hakuna aliyeitegemea. Ndio maana hiyo nyama inatumwa maabara kila mara, na wewe uliyelipia ikafika umefanya jambo kubwa sana. Nimeona chupa za formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, zimekaa dirishani wodini wiki na wiki ndugu wanasema hela imeisha na mzee mkojo si unatoka, sasa ya nini tena, na hiyo nyama ikaishia kutupwa. Hao hawakuja kujua kama kulikua na kitu.

Daktari wenu nae msimlaumu kwamba alisema sio kansa. Kidole kinagusa upande wa nyuma wa tezi tu, na tezi ya gramu mia na kitu ukipata PSA 7 haishangazi, maana tezi ikiwa kubwa PSA nayo inapanda hata kama hamna kansa. Kitu kidogo vile kilichojificha katikati ya nyama nyingi vile, hakuna kidole wala ultrasaundi ya kukiona.

Sasa baba mdogo. Mheshimuni, anampenda kaka yake, ila hili la kisu kuamsha kansa si kweli na mwambieni kwa upole. Kansa haiingii kwa kupasuliwa, ilikuwepo, tena pengine miaka mingi, kisu ndio kimeiweka hadharani. Tezi kukua kwa umri na kansa ni vitu viwili tofauti, kimoja hakigeuki kuwa kingine, ni basi tu vinapenda kukaa nyumba moja na vyote vinakuja na umri. Na lile swali lako la tezi si imetolewa sasa kansa imebaki wapi, hapo ndipo familia nyingi zinapotea kwahiyo nisikilize vizuri. Oparesheni aliyofanyiwa baba haitoi tezi yote. Ni kama chungwa, daktari anaingiza kidole anachomoa nyama ya ndani iliyokua inabana njia ya mkojo, ganda linabaki. Na kansa nyingi za tezi dume zinapenda kuanzia huko kwenye ganda. Ndio maana mtu aliyefanyiwa oparesheni ya aina hii, hata kama majibu yangekua safi kabisa, bado anaweza kupata kansa baadae, na anatakiwa aendelee kupima. Akisema "mimi tezi nilishatoa" mkatazeni kusema hivyo.

PSA ya 15, tafadhali iwekeni pembeni na anzeni kupumua. Tezi imetoka kukatwa, mpira ulikaa humo miezi, kidonda kibichi, labda na maambukizi kidogo ya mkojo, hapo PSA lazima iwe juu, huo ni mvurugiko wa kidonda, haionyeshi kansa inasambaa. Daktari aliposema wiki nane alikua na sababu. Wengine wanasubiri hata miezi mitatu. Baada ya hapo, kwa sababu nyama nyingi imetoka, inatakiwa ishuke sana kuliko ile 7 ya mwanzo. Ikishuka na kukaa huko chini, vizuri sana. Ikigoma kushuka au ikianza kupanda kipimo baada ya kipimo, hapo ndio daktari anaanza kutafuta zaidi. Na mpimishe maabara ileile kila mara ikiwezekana, maana mashine zinatofautiana kidogo mkaja kugombana tena kwenye grupu kwa ajili ya pointi. Jingine, kuna dawa ya tezi inaitwa finasteride, wazee wengi wanaendelea kuimeza hata baada ya oparesheni kwa sababu walizoea, ile ikimezwa miezi inashusha PSA kama nusu na inaweza kuwadanganya, kwahiyo chochote mzee anachomeza daktari akijue, na mizizi ya baba mdogo humohumo.

Kuhusu korodani nataka kaka wa Mpanda asome mwenyewe sehemu hii. Huyo mzee jirani yake naamini kweli alinyanyuka kitandani, nimeona kwa macho yangu watu wanabebwa kwenye machela kwa maumivu ya mifupa, wanatolewa korodani, baada ya siku chache wanakaa wenyewe. Ni tiba ya kweli. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins kule Chicago alionesha kwamba kansa ya tezi dume inakula homoni ya kiume, ukiikatia hiyo homoni inasinyaa, na mwaka 1966 akapewa tuzo ya Nobel. Lakini hiyo ni tiba ya kansa iliyosambaa, iliyofika kwenye mifupa, na hata huko haiimalizi, inaipunguza kasi. Baba yako hana hiyo. Kumtoa korodani mtu mwenye T1a ya Gleason 6 ni kumnyang'anya nguvu za kiume, kumlegeza misuli, kumdhoofisha mifupa, kumpa joto la ghafla usiku kama mwanamke aliyekoma hedhi, na hakuna kurudi nyuma, kwa ajili ya kitu ambacho huenda kisimsumbue mpaka anaingia kaburini kwa sababu nyingine. Na eti afanyiwe bila kuambiwa kwanini! Hapana wanangu. Hilo sio jambo la kuamuliwa kwenye grupu.

Daktari pengine atakachowapa ni ufuatiliaji, yaani haachwi wala hakimbizwi kwenye tiba kali. Anapima PSA kila baada ya miezi kadhaa, wengi wanafanya kila miezi sita, kidole mara moja kwa mwaka, na wanaweza kutaka kipimo cha picha cha MRI au kuchukua vinyama kwenye lile ganda lililobaki ili wahakikishe hakuna kikali kilichojificha. Ikibadilika ndio wanaongelea mionzi au oparesheni ya kutoa tezi yote, na kwa watu wa kwenu hiyo ina maana ya rufaa kwenda Bugando Mwanza au Ocean Road Dar. Siwafichi, ufuatiliaji ni mgumu kuliko unavyosikika. Oparesheni inaisha siku moja, huu ni wa miaka, na hauumi popote, na ndio maana watu wanauacha.

Ukienda kliniki kuna swali moja ambalo watu hawaulizi na nakuomba uliulize. Uliza hivi, ile nyama yote ilipimwa au walichukua sehemu tu? Kwenye tezi kubwa kama ya mzee maabara mara nyingi wanachukua vipande baadhi, wakikuta kansa kidogo inafaa warudi wakapime na iliyobaki, ili ile chini ya asilimia 5 iwe ya uhakika. Vipande walivyopima vinahifadhiwa kwenye vitalu vya nta, havitupwi haraka, na mna haki ya kuomba visomwe tena na mtaalamu mwingine. Printi hiyo ripoti, usiiache kwenye simu tu, simu zinaibiwa na kudumbukia ziwani. Weka na ile PSA ya kwanza na karatasi ya ultrasaundi kwenye faili moja, na akipewa rufaa siku yoyote faili liende nae.

Safari yenyewe, kama itafika huko, mpangieni mapema. Kigoma mpaka Mwanza kwa basi ni mwendo, na mtu aliyetoka kutolewa tezi mkojo unambana ghafla, hawezi kusubiri mpaka dereva aamue kuchimba dawa. Ongea na konda kabla gari halijaondoka, mkae siti za mbele, beba na kanzu ya kubadilisha. Treni ina choo ila mnabadilishia Tabora. Pimeni lipi linamfaa.

Nije sasa kwenye kumwambia, ambako naona ndiko roho yako iliko.

Mwambieni. Kaka yako wa Dar anaogopa presha na namuelewa, lakini hebu jiulizeni, mzee ananyimwa mawese Kigoma hii, nyama ananyimwa, sukari ananyimwa, watoto wanapigiana simu nje wakimuona wanakata, mwanae kampeleka maabara kimyakimya akatolewa damu, na kila siku anauliza majibu ya nyama yake anaambiwa bado. Huyo ni mtu mzima aliyejenga maboti ya watu kuvuka nayo ziwa Tanganyika. Ameshajua kuna kitu. Asichokijua ni ukubwa wake, na mtu asiyejua ukubwa hujipa ule mbaya kuliko wote. Nimewaona wazee wameacha kula kwa sababu wanadhani wanafichwa kifo, na kumbe walichofichwa ni kitu cha kufuatilia tu. Hiyo ndio presha yenyewe.

Halafu kuna lile nililoanza nalo. Huu ugonjwa kwa hatua hii unahitaji mzee mwenyewe akubali kwenda kliniki mwaka huu, mwakani na mwaka wa keshokutwa akiwa hana maumivu yoyote. Mtu ambae hajui ana nini ataenda mara moja kwa kukuheshimu wewe, mara ya pili atasema mkojo si unatoka, nauli ya nini. Ukimficha leo ili kumlinda, utakua umemuondolea kitu pekee kinachomlinda.

Ila sio lazima iwe wewe. Haya ya binti kumueleza baba habari za uchi wake nayajua na siwezi kukwambia uyavunje. Anza na mama. Mkalishe mama jikoni mkiwa wawili umwambie kila kitu, yeye ndio alikua anajua habari za usiku kabla yenu wote, na kumuacha nje ni kumkosea. Kisha siku ya kliniki mpigie au mfate daktari mapema, kabla foleni haijajaa, mwambie baba hajui na tunaomba umwambie wewe mwenyewe. Kwa baba sema maneno mepesi ya kweli, kwa mfano "baba, majibu ya nyama yametoka, daktari anataka kukuambia mwenyewe, ungependa uingie na nani?" Hapo hujadanganya na hujamvunjia heshima. Yeye atachagua, anaweza kusema mama, anaweza kusema baba mdogo, anaweza kushangaza watu akachagua mjukuu wake mkubwa, maana babu na mjukuu wanaongea mambo ambayo baba na mtoto hawawezi. Akichagua baba mdogo mimi nitafurahi, akasikie kwa masikio yake habari ya kisu na kansa.

Na neno kansa litamkwe. Msiseme "uvimbe kidogo" au "vijidudu kwenye nyama". Akija kulisikia kwa mtu mwingine hatawaamini tena. Isemwe kwamba kwenye ile nyama wamekuta kansa kidogo, ni ile ya pole pole, haijaonekana mahali pengine, na sasa kazi ni kuichunga. Halafu mnyamaze mumuache aulize. Akikaa kimya siku mbili tatu muacheni. Akitaka kwenda kumuona shehe wake, mpelekeni.

Mawese mrudishieni jamani. Hakuna chakula cha kwenye meza yenu kinacholisha kansa hii wala kinachoiponya. Ale migebuka yake, ale mboga, na kwa sababu ya presha apunguze chumvi, lakini hilo lilikuwepo hata kabla. Mizizi sitagombana nayo kwa maneno mengi, ila baba mdogo aelewe haiwezi kuchukua nafasi ya kliniki, na mzee mwenye kidonda kibichi na dawa za presha asichemshiwe kitu ambacho hamjui kinafanya nini kwenye figo zake.

Kuna mambo mengine mawili mzee aambiwe na daktari hukohuko ndani, asije akayakuta peke yake akadhani ndio kansa. Mkojo unaweza kutoka na damu damu kidogo kwa wiki kadhaa, hasa akichoka au akibeba kitu kizito, anywe maji tu. Ila damu nzito ya mabonge, mkojo kuziba tena, au homa na kutetemeka, hiyo ni ya kuwahi hospitali siku hiyohiyo. La pili ni la chumbani, wanaume wengi baada ya oparesheni hii manii hayatoki nje tena, yanarudi kwenye kibofu, yanatoka na mkojo baadae. Haina madhara na haimaanishi nguvu zimekwisha. Mama nae alijue hilo. Na huko mbeleni, hata miaka ikipita, mgongo ukianza kuuma bila kuacha au miguu ikaanza kulegea, asiseme ni uzee wala kazi ya maboti, aende mara moja.

Mwisho nawageukia kaka zako, maana wote wawili wanaongea sana juu ya mwili wa baba yao na sijasikia mmoja akiongelea wa kwake. Mwanaume ambae baba yake kakutwa na kansa ya tezi dume hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine, na sisi watu weusi tayari tuko juu kuliko wengine. Wakifika miaka 40, 45 waanze kuongea na daktari kuhusu kupima, ni damu ya mkononi tu, na kama daktari ataona haja ya kidole ni dakika moja. Kama huyo wa Dar ameshafika umri huo aende mwezi huu huu, hospitali ziko mlangoni kwake, asisubiri mpaka na yeye afungiwe mfuko kwenye paja.